Kiatu cha Mgonjwa Bandia

Waliomwona akifa walimpigia makofi.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko mengine yote, na hakuwa mwanamke wa kukerwa ovyo. Maiti alishaziona za kila namna. Lakini hii ya kukata roho mbele ya ukumbi mzima wa madaktari, watakwimu na wakubwa wa wizara, beji zinaning'inia shingoni, wote wametoa macho, halafu ukishatulia wanasimama kukushangilia! Loo. Alirudisha video nyuma akaitazama tena.

"Afande, hiyo picha utaichubua," alisema Koplo.

Walikuwa wamejibana kwenye kichumba cha wakalimani, juu ya ukumbi wa hoteli. Koplo alikuwa mzee wa kustaafu wakati wowote, magoti mabovu, ulimi mzima. Amekalia kreti la soda, mguu kaunyoosha. Kituoni yeye ndiye aliyembandika Inspekta jina la Msasa, kwa kuwa akishakugusa hakuachi mpaka akukwangue rangi. Inspekta alijua anaitwa hivyo na hakuwahi kulalamika.

"Niambie tena tulichonacho," alisema Inspekta.

"Tuna marehemu, na tuna muuguzi selo. Mkuu wa kituo anasema inatosha."

"Mimi nimekuuliza tulichonacho, sijakuuliza anachosema mkuu."

Koplo alicheka puani, akaanza upya. Kongamano lilikuwa la watafiti wa huduma za afya, watu wanaochunguza kwa nini mgonjwa anakaa foleni mpaka asahau kilichomleta. Taasisi moja kubwa ya utafiti ilikuja na maonyesho yake. Kazi yao ni ya ajabu kidogo: wanamwajiri mtu mzima wa afya, wanamfundisha ugonjwa, wanamtuma kliniki akajifanye mgonjwa, ili wajue wagonjwa wa kweli wanahudumiwaje pale ambapo hakuna mkubwa anayetazama. Mgonjwa bandia, ndivyo wanavyomwita. Wenyewe kwa wenyewe wanaitana kwa magonjwa yao. Yupo Kisukari. Na alikuwepo Pumu, bora kuliko wote.

Jana asubuhi Pumu alipanda jukwaani kuonyesha namna anavyobanwa kifua mbele ya muuguzi. Muuguzi alikuwa wa kweli, ameazimwa kutoka kliniki. Trei ilikuwa mezani, na juu yake inhela, kile kipulizio cha wenye pumu, tupu kabisa, ya maonyesho tu. Isipokuwa Pumu alikuwa na pumu ya kweli. Na alfajiri ile wafanyakazi wa hoteli walipuliza dawa ya mbu ukumbini wakafunga madirisha. Wamekiri wenyewe. Alianza kuigiza, na katikati ya kuigiza ikamjia ya kweli, na watu wakaona huyu mama ana kipaji.

"Na inhela yake ya kweli?" aliuliza Inspekta.

"Imekutwa kwenye mkoba wake, kwenye kiti, mstari wa mbele. Imejaa. Maabara wanasema haina alama ya kidole hata kimoja."

"Hata cha kwake mwenyewe."

"Hata cha kwake. Mkuu anasema labda alikuwa msafi."

Simu ya Inspekta ililia, na bila shaka alikuwa mkuu mwenyewe. Hakupoteza muda na salamu. Kongamano linafungwa mchana huu. Wageni wana ndege zao. Wizara imeshapiga simu. Muuguzi alikuwa na kinyongo na marehemu, alimpa inhela tupu, akasimama akamwangalia anakufa, sasa nini tena kinatafutwa? Asomewe mashtaka leo.

"Mashtaka gani, mkuu?"

"Ya kuua, Inspekta. Au unataka nikutafsirie?"

Simu ikakatwa. Inspekta aliisogeza video mbele kidogo, akaisimamisha. "Njoo uone hapa."

Kwenye kioo Pumu ameketi ukingoni mwa kitanda cha kupimia, mabega yamepanda hadi masikioni, mdomo wazi. Muuguzi ameinama kwake. Na Pumu, pumzi hana, anainama, anavua kiatu cha kushoto, anakiweka kitandani pembeni yake. Kisha anainua macho. Hamtazami muuguzi. Anatazama chini ya jukwaa, mbele.

"Mtu anayekosa pumzi anavua kiatu cha nini?"

"Labda kinabana."

"Anakufa, Koplo. Kinachombana ni kifua."

* * *

Kwenye benchi la kituo alikuwa ameketi dada mkubwa wa marehemu, amepakata mfuko wa nguo za kumvalisha maiti. Alikuwa hapo tangu jana. Walimwambia aende nyumbani, akasema nyumbani kuna nini. Inspekta alipopita, dada huyo alimshika mkono wa shati.

"Ndiye huyo mliyemfungia ndani? Ndiye aliyemuua mdogo wangu?"

"Bado hatujajua, dada. Nivumilie kidogo."

"Nimemlea mimi yule. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno. Nimekesha naye na kifua hicho tangu akiwa mchanga." Aliuachia mkono. "Nataka kumwona huyo mtu usoni, basi."

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mikono imechakaa kwa sabuni. Selo walikuwa wamemvua mkanda na viatu kama mahabusu wengine, na miguu mitupu kwenye sakafu ile ilimpa sura ya mtu aliyetolewa kitandani kwa moto. Inspekta hakukaa. Alikuwa haketi akihoji.

"Ulimtambua?"

"Alipopanda tu jukwaani. Sauti yake siwezi kuisahau."

"Mlijuana wapi?"

"Mwaka juzi alikuja kliniki kwangu. Foleni imefika getini. Akaanguka mlangoni, anakoroma. Nikaacha watu wote, nikambeba, nikamwekea hewa, nikamshika mkono namwombea kwa Mungu." Alitikisa kichwa. "Kumbe mzima wa afya. Baadaye naitwa ofisini, naambiwa taasisi imeniandika. Sikunawa mikono. Sikumwuliza historia yake. Nikateremshwa cheo."

"Ulichukia."

"Nilichukia, sikufichi. Nikaapa hatanichezea tena maisha yangu yote. Halafu wananialika nije nionyeshe nilivyojirekebisha, na anayepanda ni yeye!"

"Na jana, alipozidiwa?"

Muuguzi alivitazama viganja vyake. "Midomo ilibadilika rangi. Nikaona. Miaka yote hiyo kazini, afande, sioni? Nikasema moyoni, huyu mama ni hodari, mpaka midomo anaigeuza. Akanishika mkono, mkono wa baridi. Nikaendelea na maneno yangu niliyopewa."

Inspekta alitaka kumchukia mwanamke yule, ingekuwa rahisi, lakini hakuweza.

"Ulijua ana inhela nzima kwenye mkoba?"

"Ningejua kuna nzima ningeruka meza ile na unene wangu huu."

"Na kiatu?"

"Nilikiona. Nikadhani kimo kwenye mchezo. Mimi nilipewa sehemu yangu tu."

Alipogeuka kuondoka, muuguzi aliuliza kama ni kweli anapelekwa mahakamani mchana ule. Ana mama yake mzazi nyumbani, hawezi kujigeuza kitandani peke yake, nani atamwambia? Inspekta akasema atarudi.

* * *

Taasisi ilikuwa imepewa chumba nyuma ya ukumbi. Mabango yamesimamishwa pande zote, yana picha za wagonjwa wanaotabasamu kuliko mgonjwa yeyote Inspekta aliyewahi kumwona. Mkurugenzi, mwanamke aliyenyooka kama rula, alikuwa anaandika kwenye simu na hakuacha. Pembeni yake alikuwa msimamizi wa wagonjwa bandia, mwanamume mfupi, kizibao cha mifuko mingi, macho mekundu kwa kulia. Wote walimwita Mjomba, hata mkurugenzi.

"Poleni na msiba," alisema Inspekta. "Nani alikuwa mkubwa wake kazini?"

"Mimi nilimfundisha," alisema Mjomba, sauti imekauka. "Nilimtoa mbali. Ila tangu mwaka huu yuko chini ya mkurugenzi moja kwa moja."

"Kwenye karatasi," alisema mkurugenzi bila kuinua kichwa.

"Jana mlikaa wapi?"

"Mstari wa mbele. Mjomba kulia kwangu."

"Na hamkuona kitu?"

Mjomba alipangusa macho. "Nani angeona, afande? Alikuwa bora mno. Mimi mwenyewe nilisema, leo amejipita."

"Kile kiatu alichovua, kimo kwenye mchezo?"

"Kiatu?" Mjomba alifikiri. Mkono wake ulipanda kifuani, ukapapasa mfuko wa juu, ukashuka. "Aa. Hiyo ni chumvi yake mwenyewe. Alikuwa msanii yule, huwezi kumfunga na maandishi. Linaloniuma mimi ni inhela. Hatua chache tu, kwenye mkoba wake, na muuguzi mzima amesimama pale anamtazama! Kisasi kibaya, afande. Kisasi kibaya sana."

Mkurugenzi aliweka simu mezani hatimaye. "Inspekta, nina ombi. Tunawasilisha matokeo yetu makuu kwenye kufunga. Kliniki zaidi ya mia, nchi nzima. Kazi ya miaka. Jambo hili la kusikitisha lisije likagusa matokeo."

"Mtu wako amekufa, mama."

"Najua amekufa. Nimeagiza jina lake litajwe kwenye shukrani."

Huko nje Koplo alipumua kwa nguvu kama aliyetoka majini. "Yule mama ana roho ya friji. Ningekuwa mimi ningemfunga pingu kwa hayo ya shukrani tu. Marehemu yuko chini yake, mkoba ulikuwa kwenye kiti jirani yake, na anachohangaikia ni matokeo. Afande, ni yeye."

"Kuwa na roho ya friji siyo kosa la jinai, Koplo."

"Lingepaswa kuwa."

Inspekta mwenyewe hakuwa mbali na wazo hilo. Lakini aliyejieleza bila kuulizwa alikuwa yule mwingine. Hakuna aliyekuwa amemwuliza Mjomba habari ya inhela.

* * *

Walimkuta Kisukari kwenye korido, anabandua mabango ya utafiti na kuyaviringisha moja moja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi kwa asili, na ucheshi ulikuwa bado haujamtoka wote. Alipoonyeshwa kitambulisho alisema, "Nimeshaugua malaria, presha na sukari kwa mshahara. Sasa na polisi nao." Halafu akajifuta machozi kwa bango.

"Mlikuwa marafiki?"

"Tulikuwa tunalala chumba kimoja safari zote. Nilikuwa najua akigeuka tu kwamba leo kifua kimemkaba."

"Basi ulijua inhela yake inakaa kwenye mkoba."

Kisukari alimtazama kama aliyeambiwa jua linachomoza kaskazini. "Kwenye mkoba? Nani kasema?"

"Ndipo tulipoikuta."

"Haiwezekani, afande. Mkoba unakaguliwa. Ukifika kliniki daktari akikuambia toa kadi, unafungua mkoba mbele yake, akiona dawa zako za kweli umeumbuka, kazi imeharibika. Hilo ni somo la kwanza kabisa. Mimi sukari yangu naigiza tu, lakini wenzetu wenye ugonjwa wa kweli, dawa zao hawabebi. Hata siku ya mazoezi. Hata jukwaani."

"Zinabebwa na nani?"

"Na Mjomba, nani tena? Anakuja na wewe, anakaa nje kwenye benchi kama mtu aliyemsindikiza ndugu. Dawa yako iko mfukoni mwake. Ukizidiwa ndani, au daktari akitaka kukuchoma sindano ya kweli, unatoa ishara. Yeye anaingia, anasema, samahani daktari, huyu ni mpwa wangu, namchukua. Ndiyo maana tukamwita Mjomba." Alitabasamu katikati ya machozi. "Hajawahi kuchelewa. Hata mara moja. Mimi ameshanitoa kwenye sindano ikiwa imeshapaa hewani."

Koplo aliacha kuyachezea magoti yake.

"Ishara gani?" aliuliza Inspekta.

"Kila mtu ana yake. Unapatana na Mjomba tu, wawili, hata sisi kwa sisi hatuambiani, zisije zikazoeleka kliniki. Inatakiwa iwe kitu ambacho mgonjwa wa kawaida hafanyi, lakini daktari asikishangae sana."

"Ya Pumu unaijua?"

"Siijui. Anaijua Mjomba."

Inspekta alitoa simu yake, akamwonyesha picha aliyoikata kwenye video. Kitanda, mwanamke, kiatu pembeni yake, macho yanatazama mstari wa mbele. Kisukari aliitazama. Mabango yalimporomoka mikononi yakasambaa sakafuni, naye akaketi juu yake palepale.

"Alikuwa anamwita," alisema. "Mungu wangu. Alikuwa anamwita Mjomba."

Walimwacha alie. Inspekta hakumharakisha, ingawa muda ulikuwa unamwishia. Kilio kilipopungua aliuliza kitu kimoja tu: Mjomba alikuwa na sababu gani ya kutomsikia?

Kisukari alimpenda yule mtu, ilionekana, na kila neno alilivuta kama jino. Kulikuwa na zile kliniki za ng'ambo ya mto. Walitumwa huko mvua zilipoanza. Daraja likasombwa. Wakakaa kwenye nyumba ya wageni, wanacheza karata, wanangoja maji yapungue, hayakupungua, wakarudi. Hakuna aliyevuka. Halafu juzi, kwenye mazoezi ya mkurugenzi, kliniki zile zote zikatokea ukutani na alama zake: huyu kanawa mikono, huyu hakunawa.

"Nani alizijaza?"

"Aliyebeba karatasi zetu. Alihofia mkataba utavunjwa, sote turudi nyumbani. Alifanya kwa ajili yetu, ndivyo alivyotuambia. Mimi nikanyamaza. Pumu hakunyamaza. Alisema kwa uongo kama ule kuna muuguzi atateremshwa cheo kwa mgonjwa ambaye hakuwahi kumwona. Alimwambia Mjomba usoni, kesho nikimaliza kuigiza watu wakianza kuuliza maswali, nitasema."

"Mbele ya ukumbi."

"Mbele ya ukumbi."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini kutuambia haya tangu jana?"

"Sikujua yanahusiana, afande! Nilijua amekufa kwa pumu." Alijipangusa pua. "Na Mjomba alituambia mambo ya kazi ni siri ya utafiti. Nilimwamini. Nilikuwa namwamini kwa maisha yangu, si maneno tu."

* * *

Ukumbi ulikuwa unaandaliwa kwa kufunga kongamano. Mafundi wa sauti walitolewa nje, milango ikafungwa. Inspekta aliwaomba mkurugenzi na Mjomba wakae pale pale walipokaa jana, kisha akapanda jukwaani, kwenye kitanda kile kile ambacho hakuna aliyethubutu kukiondoa. Akaketi ukingoni. Koplo aliposikia kishindo cha kitanda aligeuka. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumwona anaketi akihoji.

"Nina maswali madogo ya kukamilisha jalada," alisema Inspekta. "Muuguzi anapelekwa mahakamani mchana huu, nisingependa pawe na pengo."

Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni. Mabega yalimshuka kidogo. Mkurugenzi alitazama saa yake.

"Mkurugenzi, hizi kliniki zenu, zipo hata za ng'ambo ya mto?"

"Zipo. Ndizo zenye alama mbaya kuliko zote. Ni sehemu muhimu ya wasilisho letu."

"Barabara ya huko nasikia ni mbovu."

"Timu yangu inafika popote. Mwulize Mjomba."

"Mjomba, mlipita wapi? Mlipita daraja la—" na hapo katikati ya neno, bila kubadili sauti, Inspekta aliinama, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka kitandani pembeni yake.

Mkurugenzi alikitazama kiatu, kisha akamtazama Inspekta kwa mshangao wa mtu aliyeona utovu wa adabu.

Mjomba alikuwa ameshainuka.

Hakuwa amesimama sawasawa. Magoti yamekunjuka nusu, mguu mmoja uko mbele, na mkono wake wa kulia umeshaingia kwenye mfuko wa juu wa kizibao, mpaka kifundo. Mwili wake ulikuwa umeshafika mlangoni mwa kliniki kabla akili haijajua. Miaka yote ile ya benchi za wagonjwa ilikuwa imemwinua. Aliutazama mkono wake uliokuwa unatafuta kitu kwenye mfuko mtupu. Uso ulimsawijika.

"Leo umeinuka," alisema Inspekta.

Koplo aliteremka taratibu kwenye njia ya kati, akasimama nyuma ya kiti cha Mjomba, naye Mjomba akaketi kama mzigo uliotuliwa.

"Sikumgusa, afande."

"Najua hukumgusa."

"Sikumpa kitu kibaya. Dawa ya mbu ni ya hoteli. Mimi sikufanya kitu. Sikufanya kitu chochote!"

"Inhela ilikuwa mfuko gani?"

Mkono wa Mjomba ulikuwa bado kifuani.

"Ilikuwa hapo," alisema Inspekta. "Akaweka kiatu kitandani akakutazama. Ukakaa. Watu walipokimbilia jukwaani mwishoni, ukaipangusa ukaitia kwenye mkoba wake, maana polisi tutasema mgonjwa na dawa yake. Ukasahau kwamba ninyi peke yenu duniani ndio mnaowafundisha wagonjwa wasibebe dawa. Na ukatupa muuguzi tuondoke naye."

"Angetumaliza," alisema Mjomba. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na Inspekta aliona kwamba hata jana yalikuwa ya kweli. "Ningemwaga unga mimi, wangemwaga wote. Watoto wangu wale, nimewalea. Nilimwomba, nikampigia magoti, akasema Mjomba, nitasema. Basi alipovua kiatu nikajiambia, mwache aogope kidogo tu. Aone. Halafu nainuka. Wallahi nilikuwa nainuka. Kila nikisema sasa, nasema bado kidogo. Akawa ananitazama tu, hata hakasiriki, ananingoja. Alijua nakuja. Halafu wakaanza kupiga makofi."

"Na wewe?"

"Na mimi nikapiga."

Mkurugenzi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alipoutoa alisema kwa sauti ndogo, si kwa mtu yeyote, "Hakuna aliyevuka mto?"

"Mfunge pingu, Koplo," alisema Inspekta, akavaa kiatu chake.

* * *

Mkuu wa kituo alipopigiwa simu alifoka kwanza, halafu akauliza kama Mjomba ametia sahihi, halafu akakata simu. Inspekta hakungoja pongezi, hazikuwa za kuja. Alikwenda mwenyewe selo kufungua, akamwambia muuguzi kwa maneno machache nani alikuwa na dawa mfukoni na kwa nini hakuinuka. Muuguzi alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe. Nenda nyumbani kwa mama yako."

Koplo alimkabidhi mkanda na viatu kaunta. Alivipokea, hakuvivaa. Dada mkubwa wa marehemu alikuwa ameshasimama kutoka kwenye benchi, mfuko wa nguo kifuani. Koplo alikuwa ameshamwambia kwamba aliyeua ni mwingine, kwa hiyo hakuja kwa shari. Alimkaribia muuguzi, akamtazama usoni kama alivyokuwa ametaka.

"Ni wewe uliyekuwa naye karibu?"

"Ni mimi, dada."

"Alisema chochote?"



"Alisema hawezi kupumua," alijibu muuguzi. "Mwanzoni, sauti ilipokuwa bado ipo. Alisema mara mbili."

"Ukamwambiaje?"



"Nilimwambia ilivyoandikwa. Nilimwambia, pole mama, tatizo limeanza lini?"

Dada mtu alirudi nyuma taratibu mpaka akaligusa benchi, akakaa, mfuko wa nguo mapajani. Mlango wa kituo ulikuwa wazi na hakuna askari aliyemzuia muuguzi kuondoka. Alibaki amesimama pale pale, viatu mkononi.